Msonobari Usiotaka Maji

Mti wenyewe ulinifika kiunoni tu, na umri wake ulikuwa miaka tisa. Kwetu Lushoto mkaratusi wa miaka tisa umeshakatwa ukawa nguzo ya umeme. Huu wangu ulikuwa bado unajifikiria. Ulikaa kwenye chungu kikubwa cha udongo, ndani ya kile chumba kidogo cha vioo kilichobandikwa nyuma ya nyumba yetu ya halmashauri hapa Kingstanding, Birmingham, na kila mgeni aliyeuona aliniuliza kama ni mti wa Krismasi. Nilikasirika kila nilipoulizwa, ingawa swali halikuwa na ubaya.

Ni msonobari, lakini si ule wa mbao tuliouzoea. Wapakistani na Wahindi wanauita chilgoza, na njugu zake, nyembamba na ndefu, huuzwa pamoja na maganda yake kwenye maduka ya Ladypool Road kule Balsall Heath. Unaiweka njugu baina ya meno ya mbele, unaibana, ganda linapasuka, unabaki na kiini cheupe chenye mafuta na utamu wa mbali. Asili yake ni mabonde makavu ya milimani, Afghanistan na kaskazini ya Pakistan, mahali ambapo mvua kubwa za nchi zile hazifiki na ardhi ni mawe matupu. Maji yake ni ya theluji inayoyeyuka, na yakishapita yamepita. Sindano zake hutoka tatu tatu. Ukishakua, gome hubanduka vipande vipande na kuacha mabaka ya kijivu na kijani, lakini wangu ulikuwa bado mdogo kwa mapambo hayo. Kuzaa nako ni taratibu: miaka ishirini, pengine zaidi, ndipo uione koni ya kwanza, na koni hiyo huchukua miaka miwili kukomaa. Nilipiga hesabu ya umri wangu nikaona huenda nisizile njugu zake kabisa. Nikaupanda hivyo hivyo.

Mimi nilifanya kazi miaka kumi na minne kwenye bustani ya miche ya misitu, milimani Usambara. Miche iliyopita mikononi mwangu sina idadi yake. Kwa hiyo nilipofika Birmingham na kuziona njugu zile dukani, sikuuliza mtu. Nilinunua robo kilo, nikazipanda kwenye trei za mbegu, nikaziweka dirishani, nikasubiri. Ukapita mwezi wa kwanza na wa pili. Jirani yetu, mzee wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu na kuletwa huku akiwa kijana, alikuwa akinichungulia juu ya ua siku hadi siku bila kusema neno. Mwisho akashindwa kuvumilia.

“Mama,” alisema, “hiyo ya duka, wao nachoma kwanza kwa moto. Imekufa zamani. Wewe fundi ya miti, hapana jua?”

Alicheka mpaka kilemba kikamkaa upande. Mimi sikucheka, niliona haya. Wiki ile ile akaniletea konzi ya njugu mbichi alizoletewa na mpwa wake, akanikabidhi kwa masharti. “Hii mti usiharibu na huruma,” alisema. “Yeye hapana taka maji. Yeye nataka shida kidogo.” Nilipanda ishirini, zilichipua tatu, ukaishi mmoja.

Niliupa kokoto na mchanga mnene wa kujengea, na mboji kidogo ya majani. Udongo wa Kingstanding ni mfinyanzi. Ukishalowa Oktoba haukauki mpaka Mei, na mzizi wa chilgoza ukisimama majini unaoza. Baridi haiusumbui hata kidogo. Adui yake ni unyevu. Ndiyo maana niliuweka ndani ya vioo: niliukinga na mvua ya Birmingham, ambayo hainyeshi sana wala haiachi kunyesha. Nilikuwa na kijiti cha mwanzi nilichokidunga kila Jumapili mpaka chini kabisa, kisha nakichomoa na kukigusisha mdomoni kuona kama kina ubichi. Kikiwa na ubichi hata kidogo, nauacha. Kikitoka kikavu, nangoja wiki nyingine, ndipo naumwagilia mara moja na kuusahau.

Katika chumba hicho hicho cha vioo ndimo alimokaa mama mkwe wangu.

Alikuja kwetu kutoka Pemba miaka minne iliyopita akitembea kwa miguu yake mwenyewe, tasbihi mkononi, akinikosoa mapishi. Mwaka wa pili aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza, lakini mguu haukukubali tena. Tangu hapo hainuki bila mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Anaondoka Jumatatu alfajiri, anarudi Ijumaa jioni. Binti yetu anasoma mji mwingine. Hupiga simu, bibi yake humsemesha Kiswahili naye hujibu Kiingereza, na wote wawili huridhika.

Asubuhi baada ya chai nilimpeleka mama mkwe kwenye kiti chake karibu na mti, kwa sababu jua la mchana, likiwapo, lilianzia pale. Palikuwa na ugomvi wa kimya baina yake na mti. Mti ulitaka baridi, yeye alitaka joto. Nikamwekea hita ndogo miguuni, nikausogeza mti upande wa pili wa kiti, karibu na mlango wa bustani, na pembeni yake meza yenye jagi la maji, kikombe na chupa ya chai. Kila mmoja alipata nusu ya alichotaka.

Siku yangu ilikuwa imekatwa vipande na choo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ninamwinua kitini, mkono wangu chini ya kwapa lake, tunakwenda hatua kwa hatua mpaka choo cha chini kilicho ubavuni mwa jikoni, namkalisha, natoka nje ya mlango, naitwa, naingia na kopo la maji ya uvuguvugu, namtawaza, namvisha. Kisha beseni na jagi, kwa kuwa udhu umeshatenguka naye hapendi kukaa bila udhu. Tunarudi kitini. Nikitazama saa, nusu saa imekwenda. Baada ya saa moja naitwa tena. Nilimpenda yule mama. Na kulikuwa na siku ambazo, nikiisikia sauti yake, nilisimama jikoni nikakamata ukingo wa sinki kwa mikono miwili mpaka nikapumua sawasawa, ndipo nikaitika.

Nyumba ina milango miwili na funguo zote zilikuwa mfukoni mwangu. Hakuna aliyenifungia, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Mfungwa angalau ana mtu wa kumchukia.

Watu wa halmashauri walikuwa tayari kumleta mhudumu. Walikuja na fomu zao wakakaa kwenye sofa, wakazungumza kwa upole, na mama mkwe akaniambia niwatafsirie. “Waambie ahsante,” alisema. “Waambie mie mtu baki hanishiki.” Kwake yeye, mwanamke asiyemjua kuuona utupu wake na kumsafisha lilikuwa jambo la kufanyiwa maiti, na hata maiti ana watu wake. Mimi nilikuwa mtu wake. Ilikuwa heshima kubwa naye alinipa kwa moyo mmoja, na mimi nilitamani ampe mtu mwingine.

Septemba ya mwaka jana niliona tangazo. Bustani moja ya kuuza miche, upande wa Sutton, ilitaka mtu wa kutunza misonobari michanga, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, asubuhi tu. Hata ukitia na safari ya basi, ningetoka baada ya chai na kurudi kabla ya adhuhuri kuingia. Wiki ile mume wangu alikuwa na likizo, nikaenda. Mwenye bustani, mama wa Kiingereza mwenye mikono iliyochakaa kuliko yangu, hakuniuliza vyeti. Alinipa mche kwenye kopo akaniambia nimweleze una nini. Nikauchomoa, nikanusa mizizi, nikamwambia unamwagiliwa mno. Akacheka. Akasema nafasi ni yangu, kazi inaanza Jumanne ya kwanza ya Februari.

Kituoni niliyaacha mabasi matatu yapite. Nilikuwa nimesimama peke yangu, hakuna anayeniita, na sikutaka hali ile iishe. Ng'ambo ya barabara lilikuja basi la kwenda mjini, na mjini kuna mabasi ya kwenda kila mahali. Lilisimama, likafungua mlango. Nilishuka ukingo wa njia, nikaweka mguu mmoja barabarani. Kisha nikaurudisha, nikangoja basi langu. Hilo sikumwambia mtu.

Jioni moja ya Oktoba nilikuwa jikoni nikizungumza na mume wangu kwenye simu. Yeye alikuwa kwenye maegesho ya malori huko Scotland, nasikia anatafuna kitu.

“Si umwombe tena akubali carer wa halmashauri?” alisema.

“Ni mama yako. Mwombe wewe.”

Akarudi kwenye kutafuna, kama afanyavyo kila tukifika hapo.

“Ni asubuhi mbili tu,” nikamwambia. “Laiti angeweza kukaa tangu chai mpaka adhuhuri bila kuinuliwa, ningekwenda nikarudi, wala kusingeharibika kitu.”

“Mama ni mtu mzima. Haiwezekani hiyo.”

“Najua haiwezekani. Nasema laiti.”

Novemba mambo yakawa mepesi. Zile safari zake nne za chooni kabla ya adhuhuri zikawa mbili, kisha moja. Kulikuwa na kidonge kipya alichoandikiwa wakati ule, nikadhani ndicho kinachomfaa. Jagi nililomwekea nililikuta tupu kila mchana, kwa hiyo maji nilijua anakunywa. Basi nilifurahi. Siku moja nilimwacha na simu mapajani nikaenda mpaka Erdington kununua soksi, nikazunguka madukani bila kuitazama saa, na niliporudi alikuwa ametulia kitini, mkavu, akinitabasamia. “Umerudi mapema,” alisema. Nilimbusu kwenye kipaji cha uso. Mwaka ulipoingia nikampigia yule mwenye bustani nikamwambia asiniondoe kwenye orodha, Jumanne ya kwanza ya Februari nitakuwa mlangoni kwake.

Wakati ule ule mti ukaanza kuniudhi. Sindano zilipoteza ule ubluu wake, zikafifia, kisha ncha zikaingia manjano. Nilidunga kijiti, kikatoka kimelowa mpaka juu, na harufu ya kinamasi. Mimi sikuwa nimeumwagilia tangu Septemba. Nikaamua paa linavuja. Nilipanda ngazi katika baridi ile, nikaziba kila ungio la vioo kwa gundi na utepe, nikashuka na vidole visivyokunjika. Wiki iliyofuata kijiti kikatoka kimelowa vile vile. Nikamgeukia jirani.

“Mzee, mfereji wako wa paa unanimwagia maji,” nilimwambia juu ya ua.

“Gutter yangu iko sawa kabisa, mama. Nasafisha mwenyewe.” Alikuja upande wetu, akauchungulia mti kupitia kioo, akauangalia muda mrefu. “Hii mtu namwagia.”

“Nani aumwagie? Humu ndani tuko wawili.”

“Basi ni mmoja ya nyinyi,” akasema, akarudi kwenye chai yake.

Sikusema naye wiki nzima.

Jumatatu ya mwisho ya Januari ilikuwa kavu, ya kwanza kwa siku nyingi, nikatoka bustanini kuanika nguo. Nilikuwa na shuka mikononi nilipogeuka na kumwona mama mkwe kupitia kioo. Alijaza kikombe kutoka kwenye jagi. Akatazama mlango wa jikoni. Kisha akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akayamimina maji kuzunguka shina, polepole, kwa uangalifu, hakuna tone lililoanguka nje. Akajaza tena. Vikombe vinne, jagi likaisha. Akajifuta mkono kwenye kanga, akashika tasbihi.

Nikaingia na vibanio vya nguo mkononi.

“Mama, unauua mti wangu.”

“Nimeuona una kiu,” alisema.

“Hauna kiu. Nimekwambia mara ngapi kwamba huu hautaki maji?”

“Kitu gani hicho kisichotaka maji?”

Alilisema kwa sauti ndogo, akitazama chini, na badala ya kunituliza ikanipandisha hasira. Nikamwambia miaka tisa. Nikamwambia kwamba katika nyumba ile nzima nina kitu kimoja changu, kimoja tu, na yeye amekaa hapo kila siku akikizamisha mchana kweupe, na mimi napanda ngazi kwenye baridi natafuta tundu kwenye paa. Nikamwambia na mengine, ya kuamshwa, ya kuitwa, ya miaka niliyoipoteza, mambo ambayo mtu hamwambii mama wa mumewe. Mama yangu mzazi angeyasikia angenikana. Mama mkwe alivuta shanga zake moja moja. Nikakikokota kile chungu mpaka nje, nikakiweka chini ya upenu, nikafunga mlango kwa nguvu.

Baada ya hapo akakataa maji. Nikimpa kikombe anasema ameshiba. Chai aliionja akairudisha. Nilijua anasusa, na mimi nikasusa. Jagi liliposhinda limejaa nililipita kama silioni. Tulisemezana kwa maneno ya lazima: inuka, kaa, tayari. Jumanne ikapita hivyo, na Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kumwamsha akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa miaka mingi Pemba. Mwili ulikuwa unachoma, ulimi umekauka mpaka maneno yanamkwama, midomo imepasuka. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, na yule wa kwenye simu alipouliza ameanza lini kuwa hivi, nikamwambia walete gari tu, upesi.

Walimtundikia dripu. Siku ya pili akili zilipomrudia akaja daktari kijana, mwanamke, mwenye subira. Alisema mkojo umeingia uchafu na figo zimeteseka kwa ukavu, na kwamba ukavu huo haukuanza wiki hii. Ni wa wiki nyingi. Akaniambia nimuulize mama kwa siku anakunywa maji kiasi gani. Nikauliza.

“Mwambie mengi,” alisema mama mkwe, macho kwenye dari.

Nilimtafsiria daktari kwamba anasema mengi. Daktari akaendelea kunitazama. Na hapo ndipo nililiona akilini lile jagi, siku zote zile tangu Novemba, tupu kila mchana. Nikamwambia daktari kwamba mama hakuwa akiyanywa, maji yake ya asubuhi yalikuwa yakinywewa na mti. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui alikiandika vipi.

Nilitoka nikasimama kwenye korido nikilia. Kila Jumapili nilikuwa nikikigusisha mdomoni kile kijiti nisije nikakosea unyevu wa chungu kimoja cha mchanga, na mdomo wa mama wa mume wangu, ninayemlisha na kumvisha, sikuutazama. Nilijiambia ni udhu. Ukinywa unakwenda haja, ukienda haja udhu unatenguka, ukitenguka lazima uinuliwe, ukunjwe mikono ya nguo, umwagiwe maji katika baridi ile. Mzee wa watu alikuwa anahifadhi udhu wake. Nikaishika sababu hiyo kwa sababu ilikuwa haina mimi ndani yake.

Jumanne ya kwanza ya Februari nilikuwa wodini. Nilimpigia mwenye bustani nikamweleza. Akasema pole, akasema atanisubiri mpaka Jumatatu inayofuata nimpe jibu la mwisho, zaidi ya hapo hawezi, miche haingoji mtu.

Alhamisi nilipata saa mbili za kuwa nyumbani, nikaulaza ule msonobari kwenye gazeti nikautoa chunguni. Mizizi ilikuwa nyeusi. Nilipoivuta, ganda lake lilibanduka likabaki vidoleni na kuacha uzi mwembamba. Nilikata, nikakata tena kutafuta sehemu yenye weupe, mpaka nikafika kwenye shina lenyewe, na ndani ya shina rangi ilikuwa ya chai. Ulikuwa umekufa zamani, kabla sijapiga kelele. Sindano tu ndizo zilizokuwa hazijapata habari. Jirani alisimama upande wake wa ua, hakucheka.

“Ilikuwa mti mzuri, mama,” alisema.

Nikamwomba radhi kwa ajili ya mfereji.

Mama mkwe alirudi nyumbani Jumamosi, mwepesi kuliko alivyokwenda. Mume wangu alishinda naye siku mbili akimlisha uji kwa kijiko, na Jumatatu alfajiri akaondoka na lori lake. Baada ya chai nikampeleka mama kwenye chumba cha vioo. Pale chungu kilipokuwa pamebaki duara jeupe sakafuni. Niliketi chini, miguuni pake, na kabla sijapoteza ujasiri nikasema niliyokuwa nayo.

“Mama, kama ni udhu, tutafanya njia nyingine. Mgonjwa ana ruhusa zake.”

“Udhu gani?” Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. “Mie binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, nisijue tayamamu ya mchanga?”

“Basi ilikuwa nini?”

Alizipitisha shanga tatu nne kabla ya kujibu.

“Nilikusikia kwenye simu na mwanangu. Ulisema laiti angekaa tangu chai mpaka adhuhuri. Nikasema, n'tajaribu.”

Nikaushika mguu wa kiti chake.

“Siku za mwanzo nilishindwa. Nikifika saa nne, basi tena. Nikapunguza maji, nikafika saa tano. Halafu nikayawacha kabisa asubuhi, nikaona naweza.” Kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. “Siku ile uliyonigombeza nilikuwa nishafika adhuhuri wiki mbili mfululizo. Weye hukuona?”

Niliona. Niliona nikafurahi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenikataza.”

“Na kuyamwaga kwenye mti?”

“Yangebaki kwenye jagi ungeyaona. Na ule mti nao, maskini, siku zote mkavu. Nikasema hiyo nayo thawabu.”

Nililia nikiwa nimeweka kichwa kwenye magoti yake, kilio kibaya cha pua na kwikwi. Aliniacha. Mkono wake ulikaa juu ya mtandio wangu bila kunipapasa, umetua tu. Nilipomaliza akaniuliza kama yule wa bustani bado anataka jibu. Nikamwambia anataka leo.

“Mpigie umwambie unakwenda,” alisema. “Na hao wa halmashauri waambie wamlete huyo mwanamke wao. N'tafumba macho.”

Nikainua uso. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amekaa wima, midomo bado ina magamba, na alikuwa ameshaamua.

“Lakini nikuulize jambo moja,” alisema. “Ukishatoka, utarudi?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, jepesi, jibu ambalo mke yeyote wa mtu angelitoa palepale bila kufikiri. Nikafungua mdomo, na likachelewa. Sijui lilichelewa kwa muda gani. Pengine pumzi mbili, pengine tatu. Nilisikia hita ikivuma.

“Nitarudi, mama,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaviringisha tasbihi kwenye kiganja, akaiweka juu ya meza. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika.

“Haya,” alisema. “Niinue, mwanangu, nende msalani.”

Nikamwinua. Tulipofika mlango wa jikoni simu ikaanza kulia juu ya meza, na sote wawili tulijua ni yule mwenye bustani. Alisimama kunipa nafasi. Lakini nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, uzito wake wote uko kwangu, na sikuweza kumwachia.